Palani nyumbani: uzito wa moteri unaenda wapi?

Mara hii siandiki juu ya mbegu wala juu ya ugonjwa wa muhogo. Naandika juu ya chuma. Najua wengine mtacheka: agronome na putre, wapi na wapi? Lakini mnajua vile inakuwaka kwetu. Ukishapata lisansi, nyumbani hawaulizi ni lisansi ya nini. Mtoto amesoma, basi ni injenia, na injenia anajua kila kitu, toka dawa ya kuku mpaka antena ya televisheni.

Baba yangu mdogo ni fundi garaji huku Kavimvira. Garaji yenyewe ni parsele ya nyumbani: nyuma kuko hangari ya tole, mbele kuko mwembe. Kwa miaka mingi ule mwembe ndio ulikuwa mashine yake ya kuinulia. Anafunga palani kwenye tawi nene, anasukuma gari chini yake, anavuta mnyororo, moteri inatoka. Kama umetembea Uvira umeona kitu cha namna hiyo. Kama si mwembe, ni miti mitatu iliyofungwa pamoja kule juu. Kama si miti, ni vijana sita na kamba na "moja, mbili, haya!"

Mwaka jana tawi likavunjika. Kwenye ndoano kulikuwa moteri ya dizeli ya silinda moja, zile S195 za Kichina zinazozungusha mashine nyingi za kukoboa mpunga huku bondeni. Mama mwenyewe aliitoa Sange juu ya gari la mizigo, mavuno yakiwa yamekaribia. Moteri hiyo ina karibu kilo 150. Kijana anayejifunza kazi kwa baba mdogo alikuwa amechuchumaa pale chini, akatumwa kuleta ufunguo namba 17. Alipogeuka, moteri ilikuwa imeketi mahali alipokuwa yeye. Karteri ikapasuka. Baba mdogo alilipa karteri, na yule mama alikaa wiki tano bila kukoboa mpunga wa mtu. Hilo ndilo lililoonekana kwa hesabu. Lile la ufunguo namba 17 hakuna aliyelihesabu kwa sauti, lakini siku tatu baba mdogo hakuongea na mtu.

Mimi nilienda kuangalia tawi, kwa sababu hiyo angalau ni kazi niliyosomea. Kwa chini lilikuwa zima, ganda la kijani, majani mazuri, hata maembe. Kwa juu, pale mnyororo ulipozoea kukaa, ganda lilikuwa limechubuka miaka na miaka. Mti ukichubuliwa hapo kwa hapo haufungi kidonda. Maji ya mvua yanakaa, uozo unaingia, mchwa wanafuata. Ndani kulikuwa unga. Na hapa njo pabaya zaidi: tawi linaloshikwa na shina upande mmoja tu, ukilitundikia uzito, nyuzi zake za juu zinavutwa na za chini zinabanwa. Yaani mnyororo ulikuwa unaua mbao pale pale ambapo tawi lilihitaji nguvu kuliko sehemu zote. Majani ya kijani hayakusema uongo, tawi lilikuwa hai. Lakini mti kuwa hai haimaanishi unaweza kubeba.

Jioni baba mdogo akaniita. "Mutoto wangu, si walikusomeshaka uinjenia? Unipigie hesabu ya putre. Sitaki tena mambo ya mwembe."

Nikamwambia, "Baba, mimi ni injenia wa mashamba."

"Shamba si udongo? Na putre si inasimama juu ya udongo? Basi."

Nilidhani ananitania. Mwisho wa kazi nikaona kwamba jibu lilikuwa ndani ya ile sentensi.

Nikatafuta notes zangu za jeni riral, ile kozi ambayo wengi wetu tulipita kwa kuwinda pointi tu. Mle ndani kuko hesabu moja inayotosha kwa garaji ya nyumbani. Putre iliyowekwa juu ya mihimili miwili, na uzito unaning'inia katikati: nguvu inayoipinda ni uzito mara urefu, gawanya kwa nne. Kisha unagawanya hiyo kwa namba ya umbo la putre, unapata ni kilo ngapi kila santimetre mraba ya ile mbao au chuma inavumilia pale inapoumia zaidi. Basi. Mengine ni kuwa mwaminifu na namba zako.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kutundika palani kwenye sharpanti ya nyumba. Hapana. Sharpanti ilijengwa kubeba tole, na tole ni kilo chache kwa metre mraba, na kushikilia upepo. Ukivuta moteri pale, misumari inatoka kimya kimya, siku moja tole, mbao na moteri vinashuka pamoja.

Wazo la pili lilikuwa la jirani: gogo la mkaratusi, lilazwe juu ya kuta mbili. Hilo nililipigia hesabu, kwa sababu si wazo la kipumbavu. Tuseme kilo 300 katikati ya metre 4. Kilo 300 mara santimetre 400, gawa kwa nne, inakuja 30,000. Kwa gogo la duara, namba ya umbo unaipata karibu hivi: kipenyo mara kipenyo mara kipenyo, gawa kwa kumi. Gogo la santimetre 15 linatoa kama 337. Gawanya: kilo 89 kwa santimetre mraba. Mbao nzima na kavu, watu wa ujenzi wanapenda kubaki karibu na kilo 100 ili walale usingizi. Kwa hiyo inapita, lakini nyembamba. Sasa chukua gogo la santimetre 12, ambalo kwa macho linafanana na lile la kwanza: namba inaanguka mpaka 173, na mbao inavumilia kilo 173. Umepunguza vidole viwili tu vya unene, nguvu imebaki nusu. Njo maana mtu anasema "fulani alitumia gogo, halikuvunjika", na wewe unatumia lako, linavunjika. Na mkaratusi unapenda kupasuka ukikauka, na mchwa wa Uvira mnawajua.

Baba mdogo yeye alikuwa na wazo lake: upande mmoja wa shasi ya kamio ya zamani, iliyokuwa imelala nyuma ya hangari. Chuma kinene, cha bure. Hapa nilitumia muda mwingi kumshawishi, kwa sababu ni fundi, na fundi haamini maneno. Shasi ina umbo la C. Ukining'iniza uzito chini ya chuma cha umbo hilo, hakishuki tu, kinajizungusha pia, kwa sababu mgongo uko upande mmoja na mdomo uko wazi upande mwingine. Nikachukua kipande cha tole, nikakikunja C, nikakiweka juu ya matofali mawili, nikamwambia abonyeze. Kikapinduka mkononi mwake. Akabonyeza tena. Akasema, "Ah, kumbe." Unaweza kutumia C mbili, mgongo kwa mgongo, zikashikana kwa buloni. Lakini sisi tulikuwa na upande mmoja tu, ule mwingine ulishauzwa zamani.

Tukafika kwenye IPN, ile putre ya chuma yenye umbo la herufi I. Swali ni namba gani. Moteri ya gari ndogo pamoja na boite yake inaenda kilo 150 mpaka 250. Moteri ya Land Cruiser ya silinda sita, ukiitoa na boite, inapita 300. Moteri za kamio baba mdogo hazichukui. Kisha kuko kitu ambacho watu wanasahau: uzito ukiachiliwa ghafla, hata bila kuanguka kutoka mbali, unavuta karibu mara mbili. Mnyororo ukiteleza kidogo kwenye ndoano, kilo 300 zinakuwa 600 kwa nukta moja ya sekunde. Kwa hiyo tuliamua kazi ya kila siku isipite kilo 500, na putre iweze kuvumilia tani nzima bila kulia.

Kilo 500 katikati ya metre 4 zinatoa 50,000. IPN 100, namba yake ya umbo ni 34: chuma kinavumilia karibu kilo 1,460 kwa santimetre mraba. Chuma cha kawaida watu wanakiruhusu mpaka 1,600. Kwa karatasi inapita. Lakini itashuka karibu milimetre 19 katikati, na putre iliyoshuka inakuwa bonde: sharyo, lile gari dogo linalobeba palani, litateremka lenyewe kwenda katikati, na moteri ikining'inia. IPN 140, namba yake ni karibu 82: chuma kinavumilia kilo 610 tu, na kushuka ni kama milimetre 5 na nusu. Ukiweka tani nzima bado uko 1,220. Tukachukua 140.

Kuinunua ilikuwa hadithi yake. Uvira chuma kinatoka Bujumbura kwa barabara ya Gatumba, au kinapita ziwani mpaka Kalundu, na mpaka kifike kwa muuzaji majina yameshabadilika. Kwenye duka la kwanza walituonyesha "kumi na nne" wakaapa. Lakini IPN 140 ya kweli ina kilo 14.3 kwa kila metre. Kipande cha metre 4 na nusu kinatakiwa kiwe na kilo 64. Tukaomba kukiweka kwenye mizani ya mpunga iliyokuwa kwa jirani wa duka. Kilo 52. Kimo kilikuwa kweli santimetre 14, lakini kilikuwa chembamba kote kote. Mizani ya mpunga, wandugu. Vifaa vyetu vya agronomia vinatosha kabisa kukamata chuma cha uongo. Duka la pili walitaka kutuuzia vipande viwili vya metre 2 vichomelewe katikati, "fundi wangu anashona kama mashine". Labda ni kweli anashona. Lakini katikati ndipo putre inapopindwa zaidi, na mshono ungekuwa upande wa chini unaovutwa. Tukangoja siku kumi mpaka kipande kizima kikapatikana. Kilo 64 na nusu kwenye mizani. Baba mdogo akalipa bila kubisha bei, jambo ambalo sijawahi kuliona tena.

Kabla ya kulipa, pima pia kimo cha hangari yako. Mbele ya Land Cruiser iko metre moja na kitu kutoka chini. Moteri inayotoka juu yake, na mnyororo wa kuifunga, inakula kama metre moja na santimetre 20. Palani yenyewe na sharyo vinakula nusu metre. Putre yako ikiwa chini ya metre 2 na santimetre 80, utakuwa na palani nzuri ambayo haiwezi kutoa moteri juu ya gari. Sisi tuliweka metre 3.

Sasa njo nafika kwenye kile kilichonifanya niandike. Watu wote waliokuja kutoa mawazo, na walikuwa wengi, waliongea juu ya putre. Nene, nyembamba, chuma, mbao. Hakuna aliyeuliza inakaa juu ya nini. Lakini uzito haukai ndani ya putre. Unapita tu. Unatoka kwenye ndoano, unapita kwenye sharyo, unaingia kwenye putre, unagawanyika pande mbili, unashuka, na hausimami mpaka ufike kwenye udongo. Tena haugawanyiki sawa kila mara: sharyo likiwa katikati, kila upande unachukua nusu, lakini ukilisukuma mpaka mwisho, upande mmoja unabeba karibu zote 500.

Kuta za hangari ya baba mdogo kwa nje ni nzuri, zimepakwa simenti. Fundi mwashi akagonga kidogo na nyundo, simenti ikatoka, ndani ni matofali mabichi. Putre ikilala hapo juu ingekanyaga sehemu ndogo kuliko ukurasa wa daftari, karibu kilo 4 kwa kila santimetre mraba. Tofali bichi likiwa kavu linaweza kuvumilia hiyo. Likilowa, linarudi kuwa udongo. Na huku tunajua kulowa ni nini. Mafuriko ya Aprili 2020, pale Mulongwe na mito mingine ilipotoka njia zake kwa usiku mmoja, nyumba nyingi zilizolala zilikuwa za matofali ya namna hiyo, maji yaliyeyusha miguu yake. Tena Uvira iko ndani ya Bonde la Ufa: tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, la 6.8, lilitokea chini ya hili ziwa letu. Sitaki chuma cha kilo 64 kilale juu ya ukuta ambao ardhi ikitikisika unaenda upande wake.

Tukaamua putre isiguse ukuta hata mmoja. Kila upande, miguu miwili ya bomba la inchi 3, imekutana juu na kupanuka chini kama herufi A, metre moja na nusu kati ya mguu na mguu. A inazuia kuanguka mbele na nyuma. Kuzuia kuyumba upande wa putre yenyewe, fundi sudere aliweka vyuma vya mshazari kwenye kila kona, toka kwenye miguu kwenda kwenye tumbo la putre. Hivyo vinazuia pia sharyo lisifike mwisho kabisa, lakini tulifunga na vizuizi vya buloni, kwa sababu sharyo lisilo na kizuizi siku moja litatoka kwenye putre kama treni isiyo na stesheni. Na fundi alikatazwa jambo moja: asitoboe wala asichomelee chochote kwenye ubao wa chini wa putre sehemu ya katikati. (Umeme ulikatika mara tatu siku hiyo. Kazi ya saa nne ikawa ya siku mbili, na groupe ya kukodi juu yake.)

Halafu chini. Hapa njo nilipata heshima yangu kidogo. Vijana walitaka kuchimba mashimo ya santimetre 30, waweke mguu, wamwage betoni, tumalize. Nikawaomba tuchimbe kwanza shimo moja mpaka metre moja, kama tunavyochimba profili ya udongo shambani. Santimetre 40 za juu hazikuwa udongo: vipande vya matofali, mifuko ya plastiki, soli ya kiatu. Parsele nyingi za Kavimvira zilijazwa namna hiyo. Chini yake, kama shibiri moja ya mchanga mwembamba wa kijivu, ambao baba mdogo aliutambua mara moja: "Hii ilikuja na maji ya 2020." Chini ya hapo udongo mweusi wa kushikamana, na toka santimetre 65 hivi ukawa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu.

Mliosoma pedolojia mnayajua hayo madoa. Chuma kilicho ndani ya udongo kinapata kutu pale hewa inapoingia na kutoka, yaani pale maji ya chini yanapopanda wakati wa mvua na kushuka kiangazi. Udongo ulikuwa umeandika kalenda yake mwenyewe: mpaka hapa maji yanafika. Ilikuwa mwezi wa nane, shimo kavu, mtu yeyote angeapa kwamba hapa hakuna maji. Na ziwa lenyewe miaka hii limetuonyesha kwamba halina mpaka wa kudumu.

Udongo ukilowa unakuwa laini, kwa hiyo dawa ni kupanua mguu. Tufanye hesabu pamoja. Upande mmoja unabeba kama kilo 600 ukihesabu moteri, palani na vyuma. Miguu miwili, kilo 300 kila mmoja. Ukisimamisha bomba juu ya kibati cha santimetre 10 kwa 10, unabana udongo kilo 3 kwa kila santimetre mraba. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja anabana kama 0.35, na mliotembea kwenye mashamba ya mpunga mnajua mguu unaenda mpaka wapi. Sasa weka chini ya bomba fondasio ya betoni ya santimetre 70 kwa 70, unene 40. Yenyewe ina uzito wa kilo 470, ndiyo, lakini jumla ya 770 inagawanyika kwa santimetre mraba 4,900. Inakuja 0.16. Moteri ya Land Cruiser na chuma chote kile vinakanyaga udongo kwa upole kuliko mimi nikisimama kwa mguu mmoja.

Tulishuka mpaka santimetre 80, kupita takataka zote, tukapiga udongo, tukaweka tabaka la mawe ya mto, kisha betoni yenye vyuma. Fondasio nne zilikula mifuko mitano ya simenti. Mchanga niliujaribu ndani ya chupa ya maji: tikisa, ngoja, uone udongo mwembamba unaokaa juu ya mchanga ni kiasi gani. Wa kwanza ulikuwa na udongo mwingi, tukaurudisha, mwenye gari akanuna.

Kisha ikaja vita ya kungoja. Baada ya wiki moja baba mdogo akasema betoni imekauka, tuinue. Lakini betoni haipati nguvu kwa kukauka. Simenti inakunywa maji na kushikana, ikikosa maji inaachia njiani. Tukamwagia asubuhi na jioni, tukafunika na magunia, tukahesabu siku 28. Siku ya 15 alikuja mteja na Hiace. Baba mdogo aliniangalia, akamwangalia mteja, akamwambia arudi mwisho wa mwezi. Mteja alienda kwa fundi mwingine, na alienda na pesa yake. Hiyo nayo iliingia kwenye bei ya putre.

Siku ya kujaribu hatukutumia moteri ya mtu. Tulipima mifuko 12 ya mchanga, kilo 50 kila mmoja, tukaipanga juu ya meza ya mbao yenye kilo 25. Jumla 625, yaani robo zaidi ya kile tulichoamua kubeba. Tulifunga uzi wa kuvulia samaki toka mwisho mmoja wa putre mpaka mwingine, umekazwa sana, na rula katikati. Palani ya tani moja inafanya mtu mmoja ainue hiyo yote kwa kuvuta kama kilo 30, ila mnyororo wa mkono unapita metre nyingi ili mzigo upande kidogo. Tukainua kimo cha kiganja tu, tukaacha dakika 30. Kwa karatasi putre ilitakiwa kushuka milimetre 7. Rula ikaonyesha 5, kwa sababu vile vyuma vya mshazari vinasaidia. Lakini namba niliyokuwa naingojea ni ile ya baada ya kushusha. Ikarudi sifuri. Chuma kinachorudi sifuri hakijaumia. Kingebaki hata na milimetre 1, tungefungua kila kitu tena. Fondasio pia tulikuwa tumeziwekea alama ya chaki kwenye ukuta: hazikushuka.

Kuhusu kufunga mzigo nitasema moja tu, maana makosa nimeyaona huko pia. Ukitumia minyororo miwili toka ndoano moja, kila mmoja unabeba nusu ikiwa karibu wima. Kadiri inavyofunguka, kila mmoja unabeba zaidi. Ikifika pembe ya digrii 120 kati yao, kila mmoja unabeba uzito mzima, kama vile mwenzake hayupo. Watu wanafupisha mnyororo ili kupata kimo, pembe inafunguka, mnyororo unakatika, wanalaumu Mchina. Refusha mnyororo. Na moteri ikishatoka, ishushwe mara moja juu ya magogo. Palani ni ya kuinulia, si ya kuhifadhia.

Yule mama wa Sange alirudi mwezi wa pili, na moteri ile ile, mara hii ni pistoni. Aliangalia juu, akaangalia miguu ya chuma, akauliza kama mwembe umeugua. Kijana wa ufunguo namba 17 ndiye sasa anavuta mnyororo. Amechora kwa rangi nyekundu mstari kwenye sakafu chini ya putre, na mzigo ukiwa juu hakuna anayeruhusiwa kuuvuka. Juzi nilienda pale na simu yangu, nikitaka kupiga picha ya ndoano kwa ajili ya hii makala. Akanifukuza.